Mgeni Mwenye Nyumba Yake

Mwanadamu hupenda safari na hupenda nyumba, na mapenzi haya mawili aghalabu hayapatani. Akiwa nyumbani hutamani njia. Akiwa njiani hukikumbuka kitanda chake. Tangu zamani watu wamejaribu kuyapatanisha mapenzi hayo, na njia mojawapo waliyoibuni ni nyumba yenye magurudumu, ambayo mtu huifunga nyuma ya gari lake akaenda nayo apendako. Nataka kukusimulia, msomaji, habari za nyumba ya namna hiyo niliyoinunua uzeeni, mahali ilipotufikisha mimi na mke wangu, na somo nililolipata usiku iliponitoka mikononi. Habari yenyewe hainipambi. Naiandika kwa sababu wewe ungali kijana, na kosa nililolifanya mimi nikiwa na mvi laweza kufanywa na mtu wa umri wowote.

Nilikuwa mwalimu kwa miaka 33. Katika miaka hiyo niliwafundisha watoto wa watu jiografia ya mahali ambapo mimi mwenyewe sikupata kupakanyaga. Ziwa Turkana nililichora ubaoni mara nyingi sana: ziwa refu, jembamba, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 250, lililolala jangwani bila mto wa kulitoa maji, na ambalo sehemu kubwa ya maji yake huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia. Nilijua kuwa mwaka 1888 wasafiri wawili kutoka Ulaya, Teleki na von Höhnel, walilifikia wakaliita Rudolf kwa heshima ya mrithi wa ufalme wa Austria, na kwamba mwaka 1975 lilipewa jina la watu wanaoishi kando yake. Yote hayo niliyajua kwa chaki. Kwa macho sikuyajua.

Tena nilikuwa na picha moja iliyonikaa moyoni tangu ujana, niliyoiona ndani ya gazeti kuukuu la maktaba. Mwaka 1959 Mmarekani mmoja, Wally Byam, aliongoza msafara wa matrela 41 yang'aayo kama fedha, kutoka Cape Town kwenda Cairo, akilipasua bara la Afrika kutoka kusini hadi kaskazini. Kila aliyekuwamo alikokota nyumba yake. Picha ile ilinifanya niamini kwamba mtu mwenye nyumba yake nyuma yake hana haja ya kumbishia mtu yeyote hodi. Siku nilipolipwa kiinua mgongo changu, nilikwenda Nairobi nikanunua trela.

Lilikuwa trela zuri, sitalisingizia. Liliundwa kwa njia mbaya: lilisimama juu ili mawe yasiliguse tumbo, springi zake zilikuwa nene, na magurudumu yake yalilingana na ya gari letu ili yakanyage katika alama zile zile. Juu ya paa palikuwa na hema lililokunjwa, lililofunguka likawa chumba cha kulala. Nyuma palikuwa na droo ndefu iliyovutwa ikawa jiko la gesi lenye mafiga mawili na mahali pa kukatia mboga. Chini ya sakafu palikuwa na tangi la lita 100 za maji, na ubavuni paneli ya sola iliyolisha betri na taa. Nililitazama nikajiona mfalme.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo hapo: nililinunua kabla sijamshauri mke wangu. Nilitaka kumshangaza. Alishangaa kweli, lakini si kwa namna niliyoitazamia. Alilizunguka mara mbili, akaivuta ile droo ya jiko, akaifunga tena polepole, kisha akauliza, "Baba Juma, hii ni nyumba yetu au ni yako?" Nikacheka, nikidhani amefanya mzaha.

Tuliondoka Kitale mwezi wa Aprili. Barabara ya Turkana hupanda Kapenguria, hushuka kwenye bonde la Marich kwa mizunguko mingi, hupita Kainuk na Lokichar, na baada ya yapata kilomita 300 hukufikisha Lodwar. Barabara hiyo imepitisha wasafiri wa kila namna. Jomo Kenyatta na wenzake, baada ya kuhukumiwa Kapenguria mwaka 1953, walipelekwa kaskazini wakafungwa Lokitaung. Mwaka 1959, mwaka ule ule Wamarekani walipoanza kuyakokota matrela yao kwa raha kutoka Cape Town, Kenyatta alihamishwa Lodwar, akawekwa huko chini ya ulinzi hadi mwaka 1961. Na tangu mwaka 1992 nchi iliyo mbele ya Lodwar, upande wa Kakuma, imepokea maelfu kwa maelfu ya wakimbizi, wa kwanza wao wakiwa vijana wa Sudani waliofika kwa miguu bila nyumba wala wazazi. Ukiwatazama watu wote hao, waliopelekwa kwa nguvu na waliokimbia, utaona kuwa kila mmoja alifika akimhitaji mwenyeji: wa kumpa maji, au habari, au kivuli. Labda sisi wawili tulikuwa wa kwanza kupita tukidhani hatumhitaji mtu.

Lodwar tulipita kama watu wapitao sokoni mikono ikiwa mifukoni. Chakula tulikuwa nacho, maji tulikuwa nayo, kitanda tulikuwa nacho. Tungesimama kwa haja gani? Mke wangu alitaka kununua kikapu kwa akina mama waliokaa chini ya mti, wakisuka majani ya mkoma kwa vidole vyepesi kuliko macho. Nikamwambia trela limejaa.

Tukashika njia ya Kalokol. Kabla ya kufika huko yako mawe marefu meusi yaliyosimamishwa na watu wa kale, ambayo wenyeji husema walikuwa wacheza ngoma waliogeuzwa mawe. Tuliyapita. Baada ya Kalokol njia huelekea kaskazini, ziwa likiwa mkono wa kulia na vilima vikavu mkono wa kushoto, hupita Kataboi na Nachukui. Tukafika Nariokotome, ambapo mwaka 1984 Mkenya Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu la kichwa juu ya changarawe, na kipande hicho kikawa mwanzo wa kuufukua mwili wa kijana aliyekufa yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita, mifupa yake ikiwa miongoni mwa ile ya kale iliyotimia zaidi kupata kuonekana. Niliwafundisha wanafunzi habari za kijana huyo kwa miaka mingi. Mke wangu akasema, "Tusimame angalau tuione ardhi yenyewe." Nikamjibu kwamba nataka kufika Lowarengak kabla ya jua kutua. Tukapita.

Lakini jambo ninaloliona haya zaidi ni hili. Njiani, mahali ambapo hapakuonekana nyumba wala mti wa maana, watoto walitoka mbio wakasimama kando ya njia. Mikononi walishika chupa tupu na madebe madogo, wakayainua juu ili tuyaone, wakiita, "Ngakipi! Ngakipi!" Neno hilo kwa Kiturkana ni maji. Mke wangu aliweka mkono juu ya bega langu. Mimi nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu: lita 100, watu wawili, siku saba, kunywa, kupika na kunawa. Kila tone lilikuwa na kazi yake katika daftari langu. Sikupunguza mwendo. Katika kioo niliona chupa zikishuka moja moja, kisha vumbi la trela likawafunika. Mke wangu aliondoa mkono wake begani, na kwa muda wa saa nzima hakusema neno.

Nchi ile haina mito ya kudumu ila michache, lakini ina makorongo mengi ya mchanga, ambayo watu wa kaskazini mwa Kenya huyaita laga. Kwa siku nyingi za mwaka laga ni barabara ya mchanga mweupe, pana, tambarare, yenye miti mirefu kingoni. Nilikuwa nimepunguza upepo wa tairi, maana tairi laini hukanyaga eneo pana, na uzito ukitawanyika gurudumu halizami. Makorongo matatu tulivuka vizuri. Katika la nne, si mbali na Lowarengak, nilisikia mlio nyuma kama wa kisu kinachosagwa juu ya jiwe. Nilishuka nikaligusa gurudumu la kushoto la trela, likaniunguza mkono. Beringi, zile gololi za chuma zinazoliwezesha gurudumu kuzunguka bila kusagana na mhimili, zilikuwa zimekwisha. Yule aliyeliunda trela hakutia grisi ya kutosha, nami niliyelinunua sikufungua kutazama. Gurudumu lililala upande kama mguu uliovunjika, na trela likaketi mchangani katikati ya laga.

Sikuhuzunika sana. Nilisema moyoni: nyumba yangu imechagua kulala hapa, na tulale. Pale palikuwa na kivuli, palikuwa tambarare, na upepo mkali utokao ziwani ulikatwa na kingo. Nikatia jeki, nikafungua hema, nikavuta jiko. Jua lilikuwa linatua wakati mzee mmoja alipokuja juu ya ukingo, amechukua fimbo na kile kigoda kidogo ambacho wanaume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Pamoja naye alikuja mjukuu wake, msichana wa shule ya sekondari aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Mzee alisema maneno machache.

"Babu anawasalimu," msichana akasema kwa Kiswahili kizuri. "Anasema mtoke hapa. Mvua imenyesha."

Nikatazama juu. Mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. "Mwambie babu ahsante," nikajibu, "lakini hapa hakuna hata wingu."

Msichana alitafsiri. Mzee hakunitazama, aliinua kidevu kuelekea magharibi, ambako weusi ulikuwa umelala juu ya milima ya upande wa Lokitaung. Akasema tena.

"Babu anasema mvua haitakuja hapa. Maji ndiyo yatakuja."

Msomaji, mimi ni mtu niliyefundisha jiografia. Nilifundisha darasani kwa mkono wangu mwenyewe kwamba katika nchi kavu yenye miamba na majani machache, ardhi hainywi mvua upesi. Maji huteremka juu ya mawe, hukusanyika katika vijito mia, na vijito vyote hukutana katika korongo moja. Ndiyo sababu mtu aweza kuchukuliwa na mafuriko mahali ambapo tone moja halikudondoka. Haya yamo katika madaftari ya wanafunzi wangu. Lakini ujuzi wa ubaoni na ujuzi wa miguuni si kitu kimoja, na mtu akiipenda mali yake mno husahau hata yale anayoyajua. Nilikubali kulifungua gari na kulipandisha ukingoni. Trela sikukubali kuliacha. Nikarudi chini nikaketi juu ya ngazi yake.

"Baba Juma," mke wangu alisema, "twende juu kwa hawa watu."

"Siwezi kuiacha nyumba."

Alinitazama kwa muda. "Mimi sikuolewa na trela," akasema. Akachukua leso yake na tochi, akamfuata msichana.

Niliketi peke yangu. Nyota zilikuwa nyingi, na taa ya sola ikamulika jiko langu jipya. Nadhani nililala nikiwa nimeketi. Nilipoamka mke wangu alikuwa amesimama mbele yangu, miguu mitupu, akihema kwa mbio. Alikuwa amesikia kwa wenyeji mlio ambao masikio yangu hayakuujua, akashuka tena ndani ya korongo lenye giza kuja kunitoa. Hakunigombeza. Alinishika mkono kama ashikwavyo mtoto, akanivuta. Kwanza ulinipiga usoni upepo baridi wenye harufu ya udongo mbichi; kisha nikasikia ngurumo nzito ya chini, kama malori mengi yanayopanda mlima kwa mbali. Tulipoushika ukingo, mikono ya watu ikatupokea kutoka juu. Maji yakaja nyuma yetu, meusi, yamebeba povu na magogo. Yalikuja yamesimama, kama ukuta.

Mara nyingi hufikiri juu ya dakika zile. Angalichelewa kidogo tu, mimi nisingekuwapo kukuandikia. Tena angaliteleza yeye, ningaliishi siku zangu zote nikijua kwamba nilimwua mke wangu kwa ajili ya droo ya jiko.

Trela lilielea. Kwa kuwa lilifungwa vizuri lisipitishe vumbi, lilijaa hewa likawa mashua. Taa yake iliendelea kuwaka. Tuliona ikizunguka, ikiteremka upande wa ziwa, ikigonga mti, ikizimika.

Asubuhi maji yalikuwa yamekwisha pita, yakaacha vidimbwi na mchanga ulioshindiliwa. Trela lilikuwa hatua mia nne chini, limelala ubavu ndani ya matope. Hema limechanika, paneli ya sola haipo, na tangi limepasuka. Yale maji niliyoyahesabu tone kwa tone yalikuwa yamekwenda pamoja na yale yasiyo na hesabu.

Tulikaa nyumbani kwa mzee yule siku nne, na katika siku hizo nne ndipo nilipoanza kuiona Turkana. Hata maji tuliyapewa kutoka laga ile ile. Mke wa mzee alikwenda katikati ya mchanga, akachimba kwa mikono na kibuyu mpaka shimo likawa na kina cha mkono mzima, akangoja. Maji safi yakachuruzika chini ya shimo polepole. Mchanga hunywa mafuriko ukayaweka akiba, na anayejua mahali pa kuchimba hupata kunywa muda mrefu baada ya mto kuondoka. Kibuyu cha kwanza alimpa mke wangu, cha pili alinipa mimi. Nilikishika nikakumbuka chupa zilizoshuka moja moja katika kioo changu, na koo langu likawa zito.

Waturkana nao ni watu wa nyumba zinazosafiri. Malisho yakiisha, boma huvunjwa, vitu vikafungwa juu ya punda, na familia ikahama na mbuzi na ngamia wake. Kwa hiyo bibi yule alikuwa na haki ya kulipima trela langu kwa kipimo cha mjuzi. Alilizunguka pale matopeni kama mke wangu alivyolizunguka siku ya kwanza. Kisha akamwuliza mke wangu swali, na msichana akatafsiri: "Bibi anauliza, nyumba hii uliijenga wewe?"

"Hapana," mke wangu alijibu. "Aliinunua mume wangu."

Bibi alistaajabu. Msichana akatueleza kuwa kwao nyumba hujengwa na mwanamke: yeye hukata miti, huikunja, huifunga, huiezeka, na nyumba huwa yake. Mwanamume hulala katika nyumba ya mkewe. Bibi akauliza tena: "Basi, yako iko wapi?"

Mke wangu hakujibu. Mimi nilitazama chini. Swali lile la Kitale, ambalo nililichekea nikidhani ni mzaha, lilikuwa limenifuata mpaka Lowarengak.

Jambo jingine lililonifundisha ni kuomba. Tangu siku ya kwanza watu walituomba: huyu aliomba tumbaku, yule kofia yangu, mwingine kisu. Mimi nililelewa kuona kuomba ni aibu, na nilikasirika moyoni. Nikamwuliza msichana kwa nini watu wake huomba hivyo. Alifikiri kidogo, kama mwanafunzi mwema anayetafuta jibu la kweli badala ya jibu la kupendeza. "Kwetu ukimwomba mtu," akasema, "umemwambia kwamba kesho naye aje akuombe. Mtu ambaye haombi, mbuzi wake wakifa atakwenda kwa nani?" Nilikaa kimya. Katika nchi ambapo mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 250, na ukame waweza kummaliza mtu mifugo yote, akiba ya mtu haiwezi kuwa ndani ya zizi lake peke yake. Huiweka kwa wenzake: mbuzi kwa rafiki huyu, ngamia kwa shemeji yule, wema kwa mgeni. Tangi langu lilikuwa na lita 100 na tundu moja lililimaliza. Tangi lao halikuwa na chuma, nalo ndilo lililotunywesha.

Vijana wa Lowarengak wapatao ishirini walilitoa trela matopeni kwa kamba. Hao walipokea ujira, na walistahili, kwa maana kazi ni kazi. Beringi mpya zililetwa kutoka Lodwar na dereva wa lori aliyekuwa akija kuchukua samaki wakavu. Kijijini palikuwa na fundi wa kuchomelea mwenye jenereta chini ya kibanda cha mabati; aliunyosha mhimili kwa nyundo na moto, akazijaza beringi grisi mpaka ikafurika, akaniambia nikae nitazame ili safari nyingine nijue. Mimi, mwalimu wa miaka 33, nilikaa nikatazama. Wakati huo mke wangu alikuwa chini ya mti pamoja na wanawake, akijifunza kusuka majani ya mkoma. Kikapu chake cha kwanza kilikwenda upande, wakakicheka wote, naye akacheka kuliko wote. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu Kitale.

Siku ya kuondoka nilimpa mzee fedha kwa ajili ya malazi na chakula. Hakuzipokea. Bibi ndiye aliyeomba: alitaka turubai la lile hema lililochanika. Tukampa. Kabla hatujalifunga gari alikuwa amekwisha kulikata, akalifunga juu ya nyumba yake upande utokako upepo wa ziwa, akarudi nyuma kulitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilifurahi kuona kwamba sehemu moja ya trela langu hatimaye imekuwa nyumba kweli.

Tulirudi polepole. Nariokotome tulisimama, tukatembea juu ya changarawe tukiwa kimya. Karibu na Kalokol tulisimama kwenye mawe yale meusi. Pale walipokuwa watoto tulisimama tena, na safari hii walikuwa wengine, lakini chupa zilikuwa zile zile. Tulikuwa na madebe mawili tuliyoyajaza asubuhi. Mke wangu alimimina, mimi nikashika chupa. Haikuchukua robo saa. Lodwar tulikula kwa mama mmoja sokoni, tukanunua kikapu cha mtu ajuaye kusuka.

Trela tungali nalo. Usidhani kuwa nakukataza kumiliki kitu kizuri, au kusafiri ukiwa umejiandaa. Msafiri asiyejiandaa ni mzigo kwa wenyeji wake. Nakuambia neno dogo tu. Mali aliyonayo mtu yaweza kuwa mlango, na yaweza kuwa ukuta, na tofauti haimo katika mali yenyewe. Siku moja, msomaji, nawe utakuwa na chako: cheo, elimu, gari, nyumba. Utapita mahali ambapo watu wamesimama kando ya njia. Hapo utajaribiwa kupiga hesabu kama nilivyopiga mimi, na hesabu yako itakuwa sahihi, kama yangu ilivyokuwa sahihi.

Siku hizi kabla ya safari mimi na mke wangu huketi mezani na karatasi moja. Yeye ndiye aandikaye. Huandika tutakakokwenda, tutakachochukua, na tutakachoacha nyumbani ili trela lisijae. Tangi jipya tumelitia, la lita 100 kama lile la kwanza. Mwisho wa karatasi, chini ya hesabu zote, huandika lita 40, na mbele yake huandika neno moja: wengine.